Maji ya Sabaki shambani: yasemwayo na yaliyo kweli

Kutoka Lango Baya na Kakoneni hadi karibu na Mambrui, wakulima wa kingo za Sabaki huuza Malindi nyanya, bamia, mchicha na matikiti. Maji wanayomwagilia yametoka mbali: Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hukutana na Mto Tsavo ndani ya mbuga ya Tsavo na kuwa Galana, kisha huku chini tunauita Sabaki. Mengi husemwa juu ya maji haya kwa uhakika mkubwa, na baadhi ya hayo yanamtia mkulima hasara na mlaji maradhi.

“Maji mekundu ndiyo machafu, yakitakata ni salama.” Hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Wekundu wa Sabaki wakati wa mvua ni udongo uliosombwa mashambani huko juu, Ukambani na kwingineko. Huziba mipira ya kumwagilia kwa matone, huchakaza pampu, na kaskazi ikivuma huonekana hadi ufuoni Malindi. Lakini rangi peke yake haitoshi kujua kama kuna vijidudu. Kiangazi mto hupungua na kutakata, na uchafu unaoingia humo hukosa maji mengi ya kuuzimua. Shabu nayo hutuliza tope tu, haiyafanyi maji kuwa salama.

“Uchafu wote unatoka Nairobi.” Ni kweli mito ya Nairobi hubeba majitaka na taka za viwanda hadi Athi, na wanaoyamwaga wanastahili kubanwa bila huruma. Hata hivyo njia ni ya mamia ya kilomita, na sehemu kubwa ya vijidudu vya kinyesi hufa kwa jua na kwa muda. Vinavyoweza kusafiri hadi huku ni chumvi, mabaki ya mbolea yaliyoyeyuka, na madini mazito yaliyonata kwenye chembe za udongo. Vijidudu vina njia fupi zaidi: choo kilichochimbwa ukingoni, ng’ombe wanaonyweshwa palepale pampu inapovuta, vichaka vya kujisaidia ambavyo mvua ya kwanza huvisafisha moja kwa moja hadi mtoni. Si rahisi kuyasema haya barazani, lakini hayahitaji kungoja serikali. Sehemu ya kunyweshea mifugo ikihamishwa upande wa chini wa mto, maji yakishapita pampu, maji yanayofika shambani hubadilika.

“Mbona Malindi nzima inakunywa maji hayohayo?” Siyo hayohayo. Maji ya mitambo ya Baricho, yanayofika Malindi, Kilifi na hata Mombasa, huvutwa kwenye visima vilivyo katika mchanga wa bonde la mto. Mchanga huo huyachuja, kisha hutiwa klorini. Mpira wako uliozamishwa mtoni haujapitia hayo.

“Nimeyaonja, hayana chumvi.” Ulimi wa mtu ni mvumilivu kuliko mzizi wa maharagwe. Chumvi ya maji hupimwa kwa jinsi yanavyopitisha umeme. Kwa vipimo vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, maharagwe huanza kupoteza mavuno maji yakizidi desisimensi 0.7 kwa mita (kizio cha upitishaji huo wa umeme), kiwango ambacho mtu atakunywa na kusema ni matamu. Vitunguu huanzia 0.8, mahindi 1.1, nyanya 1.7. Kunde huvumilia hadi karibu 3.3, na ndiyo sababu kunde zaweza kustawi pale maharagwe yalipoungua ncha za majani.

Walio karibu na mlango wa mto wana shida ya ziada. Kiangazi, mto ukiwa mdogo, maji ya bahari hupanda ndani yake yanapojaa, na bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huyasukuma mbali zaidi. Kuwasha pampu maji yamejaa kwa sababu kina kimeongezeka ni kuvuta bahari shambani. Heri kungoja yapwe, upime tena, ndipo uvute. Mita ndogo ya chumvi inaweza kununuliwa na kikundi kizima na kuzungushwa.

“Dawa ya chumvi ni kumwagilia kidogokidogo.” Kinyume chake. Maji kidogo hukauka juu na kuacha chumvi yake pale, mpaka matuta yanavaa ukoko mweupe unaovunjika kwa kucha. Kinachoiondoa ni maji ya kuzidi kiasi, yanayoishusha chini ya mizizi, na mfereji wa kuyatoa. Bila mfereji, maji ya ziada nayo huleta madhara yake.

“Mboga ikioshwa imekwisha kuwa safi.” Inategemea imeoshwa wapi. Mchicha huvunwa alfajiri, hufungwa mafungu kwa kamba ya mgomba, kisha mafungu hayo huchovywa mtoni yasinyauke njiani, na gunia lenyewe hulowekwa kabla ya kupandishwa boda. Hata kama mkulima alitumia matone na kuacha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, ambazo ndizo njia bora za kupunguza vijidudu, hapo amevirudisha.

Mchicha utapikwa kwa nazi, na moto utaua karibu vyote. Kwenye kachumbari ndiko kuna hatari: nyanya mbichi ya shada la chini, iliyorushiwa tope na keni ya kumwagilia, ikakatwa bila kuoshwa kwa maji safi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 1989 uliweka ukomo wa koliformi za kinyesi, yaani bakteria wanaoonyesha kuwa maji yameingiwa na kinyesi, 1,000 katika mililita 100 za maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi. Wa 2006 uliongeza kwamba kila hatua hadi jikoni inahesabika. Kwa hiyo nyanya zifungwe kwenye vijiti, maji yamwagwe shinani, na kuchovya mboga kufanywe kwa maji ya bomba. Mwenye bwawa dogo ayaache maji yatulie siku nzima, kisha achote juu bila kuyatibua: mayai ya minyoo huzama pamoja na tope.

“Ukingo ni wangu mpaka majini.” Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima ukingoni, kwenye ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kwa kadiri ya upana wa mto, kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Magugu na matete yanayoachwa hapo hushika udongo na mbolea visiingie mtoni, kwenye maji atakayovuta jirani wa chini.