Tukio "binafsi" kwenye kalenda halijafungiwa kufuli

Wengi hudhani wakishaliwekea tukio alama ya "binafsi", limefichika kabisa. Sivyo. Kwenye Google Calendar, kwa mfano, uliyemruhusu kutazama tu ataona una shughuli saa 4 hadi saa 5, asijue kama ni kliniki au usaili wa kazi. Lakini uliyempa ruhusa ya kuhariri anasoma yote, hata jina la daktari! Hapo ndipo watu huumbuka.

Kanuni za 2009 za iCalendar, muundo ambao programu za kalenda hutumia kubadilishana matukio, zinaichukulia alama hiyo kama nia ya mwenye kalenda. Ulinzi wenyewe ni kazi ya programu na ruhusa ulizogawa. Na kwa kanuni hizo, usipoweka alama yoyote, tukio huhesabiwa la wazi. Mimi ningeanza kwa kupekua orodha ya wahariri.