“Mama amelala” kwa Kiingereza: kiambishi -me- na mitego yake

Jioni moja nilimpigia simu mwenzangu wa kazi, akapokea binti yake wa darasa la sita. Kwa kuwa mama yake alikuwa ameniomba nimzoeze mtoto kuzungumza Kiingereza kila nipatapo nafasi, nilimwuliza kwa lugha hiyo kama ningeweza kuongea na mama. Akanijibu bila kusita: “Mother has slept, teacher.” Nilimwelewa papo hapo, kwa sababu nyuma ya maneno yake nilisikia “Mama amelala”. Mwingereza asiyejua Kiswahili angeendelea kusubiri simu sikioni, kwani alichoambiwa ni kwamba mama amekwisha kupata usingizi wake, na pengine sasa yuko macho. Mtoto alikusudia kusema “Mother is asleep.”

Nimefundisha Kiingereza kwa muda mrefu, na nimefika mahali pa kuamini kwamba kosa hili si la mwanafunzi. Ni la kanuni tunayompa darasani, kwamba -me- ni sawa na “have” au “has”, kisha tunamwacha aitumie popote aikutapo. Kiambishi chetu kina kazi mbili. Katika “mgeni amefika” kinaeleza tendo lililokamilika ambalo matokeo yake tunayo sasa, na hapo “The guest has arrived” inalingana nacho vizuri. Lakini katika “amelala”, “amesimama”, “amevaa koti” au “amekasirika”, tunachoeleza ni hali ambayo mtu yumo wakati huu tunapozungumza, na kwa hali kama hizo Kiingereza hutumia “is”: “is asleep”, “is standing”, “is wearing a coat”, “is angry”.

Ili kuzitenganisha kazi hizo mbili, huwaambia wanafunzi wangu watangulize neno “bado”. “Bado amelala” ni Kiswahili safi, na vivyo hivyo “bado amesimama” na “bado amekasirika”. Basi Kiingereza chake ni “is”. “Bado amefika” haisemeki, basi hapo “has” ina haki yake. Kipimo hiki hakifai kila mahali. “Nimeelewa”, kwa mfano, haikubali “bado” namna hiyo, na hata hivyo Mwingereza aliyeelezwa jambo likamwingia atasema tu “I understand”. Vitenzi vya namna hii ni vichache, na ni afadhali kuvijua kimoja kimoja.

Mtego wa pili ndio ninaokutana nao zaidi, hasa katika barua za kuomba kazi. Kijana aliniletea barua yake niipitie kabla hajaituma, na sentensi ya kwanza ilisomeka: “I have completed Form Four in 2016.” Kwa Kiswahili cha kila siku husikika “nimemaliza kidato cha nne mwaka 2016”, na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakiruhusu. Ukishautaja wakati uliokwisha, iwe ni “yesterday”, “last week” au mwaka uliopita, “have” lazima iondoke: “I completed Form Four in 2016.”

Nilimwomba aikanushe sentensi yake kwa Kiswahili. Akasema, “Sikumaliza mwaka 2016.” Hakusema “sijamaliza mwaka 2016”, na wala hakuna Mswahili ambaye angesema hivyo. Tunapokubali, lugha yetu huturuhusu kuchanganya -me- na -li-. Tunapokanusha, mpaka unajitokeza wenyewe. “Hajafika” maana yake bado tunamngoja, nayo ni “He hasn't arrived.” “Hakufika” maana yake wakati wake umepita, nayo ni “He didn't arrive.” Kwa hiyo, ukiwa na shaka, kanusha kwanza: ukipata -ja-, andika “have”, ukipata -ku-, andika wakati uliopita. Sijui kanuni ya kitabuni inayomsaidia Mswahili kuliko hii, kwa maana sikio lake limeshaijua tangu utotoni.

Sababu ya ukali huo wa Kiingereza iko ndani ya neno “have” lenyewe, ambalo asili yake ni kuwa na kitu. Katika Kiingereza cha kale, kusema kwamba una barua iliyoandikwa kulikuwa kusema kwamba barua hiyo unayo mkononi, tayari imeandikwa; kutoka hapo ndipo muundo huu ulipokua. Hata leo umefungwa kwenye sasa ya msemaji. Ukiniuliza saa nne asubuhi kama nimemwona mkuu wa idara, utasema “Have you seen him this morning?”, kwa kuwa asubuhi haijaisha. Ukiniuliza swali hilohilo saa tisa alasiri, litakuwa “Did you see him this morning?” Bwana ni yuleyule na asubuhi ni ileile, ila sasa imeshatoka mikononi mwetu.

Ndiyo maana pia marehemu hawakai vizuri na “have”. Mwalimu Nyerere alifariki mwaka 1999, na tunaposimulia kazi yake ya kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare tunaandika “Nyerere translated”. Lakini “Nyerere has influenced many writers” ni sahihi kabisa, kwa sababu athari yake ingali hai kwa waandishi wa leo.

Kuna jozi moja ambayo Kiswahili huitenganisha kwa neno zima. “She has gone to Nairobi” ni “amekwenda Nairobi”, na huko ndiko aliko. “She has been to Nairobi” ni “amewahi kufika Nairobi”, na amekwisha kurudi. Ukilikumbuka neno “kuwahi”, hutazichanganya tena. Na palipo na “tangu”, usidanganywe na -na- yetu: “ninaishi hapa tangu mwaka 2010” ni “I have lived here since 2010”, si “I live here”. Ukisema “I lived here for ten years”, msikilizaji ataelewa kwamba umeshahama.

Wanafunzi wanaotazama filamu za Marekani huniuliza kwa nini wanasikia “Did you eat yet?” na “I just ate”, ilhali mimi nawafundisha “Have you eaten yet?” na “I've just eaten”. Wamarekani hawakosei, katika mazungumzo yao, wakati uliopita huchukua nafasi pana zaidi pamoja na “just”, “yet” na “already”. Shule zetu, Tanzania na Kenya, zimefuata desturi ya Uingereza, kwa hiyo katika karatasi ya mtihani andika “I've just eaten”. Lakini “yesterday” na “in 2016” hazikubali “have” hata huko Marekani.