Je, Wajua Kwa Nini Kirusi Kimoja Huzifanya Chembe Nyeupe za Damu Ziendelee Kuishi Nje ya Mwili?

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne kutoka Kisauni, aliyekuwa ametembelea maabara ya damu pamoja na wenzake, aliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka: damu ikishatolewa mwilini, chembe zake nyeupe huishi kwa muda gani? Nilimweleza kwamba nyingi hufa baada ya siku chache au wiki chache, hata zikitiwa katika maji ya lishe na kuhifadhiwa katika nyuzi joto 37, joto ambalo hapa Mombasa halifikiwi kivulini kwa kawaida hata wakati wa kaskazi. Hata hivyo, kuna kirusi cha jamii ya hepesi, kiitwacho Epstein-Barr, kinachoweza kuzigeuza baadhi ya chembe hizo zikawa zinagawanyika kwa miezi mingi, na historia yake inaanzia karibu nasi, nchini Uganda.

Mwaka 1958, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, alieleza aina ya saratani iliyovimbisha mataya ya watoto. Mwezi Machi 1961 alitoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi Anthony Epstein, ambaye aliposikia kwamba ugonjwa huo ulifuata maeneo yenye joto na mvua nyingi alishuku kwamba huenda kuna kirusi kinachohusika. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, lakini kwa muda mrefu hakuna kilichoonekana. Mwezi Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester badala ya London, na kipande kilipomfikia Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Angeweza kuyamwaga. Aliyatazama kwanza, akakuta kwamba uchafu ule ulikuwa seli hai za uvimbe zikielea peke yake, na kutokana nazo yeye na mtafiti mwenzake Yvonne Barr wakafanikiwa kuotesha seli hizo maabara. Mwaka 1964, wakiwa na Bert Achong, walitangaza kwamba wamekiona kirusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni, na ndiyo maana leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Kukiona kirusi ndani ya seli ya saratani hakuthibitishi kwamba ndicho kilichoibadilisha, kwa sababu huenda kiliingia baadaye kama mpangaji tu. Mwaka 1967, watafiti Werner na Gertrude Henle pamoja na wenzao mjini Philadelphia walizipiga mionzi seli za uvimbe wa Burkitt ili zisiweze tena kugawanyika, kisha wakazichanganya na chembe nyeupe za watu wasio na saratani. Chembe zile za kawaida zikaanza kuota. Mwaka uliofuata, watafiti wa Australia walitumia majimaji yaliyochujwa hadi seli zote zikaondolewa, wakapata matokeo yaleyale. Kwa hiyo kilicholeta mabadiliko kilikuwa kitu kidogo kuliko seli. Wakati huohuo, mfanyakazi mmoja wa maabara ya akina Henle aliugua ugonjwa unaovimbisha tezi na kuumiza koo. Kabla ya kuugua, damu yake haikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi hiki na chembe zake zilikataa kuota. Baada ya kuugua, kingamwili zilionekana na chembe zikaota. Kwangu mimi, huo ni ushahidi mzuri kuliko majaribio mengi yaliyopangwa.

Sasa tuingie ndani ya seli. Kirusi hiki hupendelea limfosaiti za aina ya B, yaani chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, kwa kuwa juu ya ngozi yake kuna protini ambayo kirusi huishikilia na kuitumia kama mlango. Kikishaingia, DNA yake, yenye takriban herufi 172,000, hujiunga ncha kwa ncha ikawa duara na kukaa katika kiini cha seli. Kina jeni zaidi ya 80, lakini katika hali hii hutumia chache sana, hakijizalishi kwa wingi na hakimuui mwenyeji wake. Protini moja huifunga DNA yake kwenye kromosomu za seli, ili seli ikigawanyika kirusi nacho kigawiwe kwa watoto wake wote wawili. Nyingine huwasha jeni za ukuaji.

Jambo linalonistaajabisha zaidi ni kwamba kirusi hakikubuni amri mpya. Limfosaiti B kwa kawaida haigawanyiki mpaka ipate ishara mbili: ya kwanza inapogusana na kijidudu inachokitambua, na ya pili kutoka kwa limfosaiti T, chembe nyeupe nyingine ya ulinzi, inayoithibitishia kwamba hatari ni ya kweli. Kirusi hutengeneza protini mbili zinazoziiga ishara hizo, na tofauti ni kwamba zenyewe hazizimiki. Seli hufuata amri inayoijua tangu zamani, pasipo kujua kwamba hakuna aliyeitoa.

Chomboni mabadiliko huonekana hata bila utaalamu mkubwa. Seli zilizokuwa zimetawanyika hukusanyika katika mafungu yanayoonekana kwa hadubini ya kawaida, na maji ya lishe yenye rangi nyekundu hugeuka manjano kwa sababu ya asidi inayotolewa na seli zinazokula kwa kasi. Huitwa seli zisizokufa, ingawa neno hilo linahitaji uangalifu, kwani nyingi kati yake huchoka baada ya kugawanyika mara nyingi sana. Njia hii imetumika kuhifadhi seli za watu mbalimbali kwa ajili ya utafiti wa jeni, wakiwamo Waluhya wa Webuye hapa Kenya.

Mwanafunzi yule akauliza kama basi sote tutapata saratani. La. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho kirusi hiki, kinachoenezwa hasa kwa mate, na Afrika wengi hukipata wakiwa wadogo, mara nyingi bila kuugua. Limfosaiti T huzitambua seli zilizogeuzwa na kuziua. Uvimbe wa Burkitt huhitaji mambo zaidi, hasa kukatika kwa kromosomu kunakoihamisha jeni ya ukuaji mahali pasipo pake, na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara husaidia kwa kuzichochea seli B na kudhoofisha ulinzi wa seli T.

Kuhusu damu ya mwanafunzi yule mwenyewe, yaelekea kirusi tayari kimo, kimejificha katika seli chache kati ya kila milioni za aina ya B. Damu hiyo ikiwekwa chomboni jinsi ilivyo, walinzi wake wa aina ya T huzuia seli hizo zisienee. Lakini mtaalamu akiongeza siklosporini, dawa inayowatuliza walinzi hao, baada ya wiki kadhaa mafungu yanaweza kuanza kuonekana.