Raba ya Mpira wa Meza: Anza na Sponji, Jina Baadaye

Wachezaji ninaowafundisha wakitaka kubadilisha raba, yaani ngozi ya mpira inayobandikwa kwenye raketi, karibu wote huanza na jina: ninunue Tenergy au Hurricane? Mimi huwauliza kwanza ni pigo gani wanalolipiga mara nyingi zaidi kwenye mechi. Sizungumzii lile la kufunga pointi linaloshangiliwa. Nataka lile la kila dakika: kurudisha sevu (pigo la kuanzisha) fupi, kusukuma, kuzuia. Raba ichaguliwe kwa ajili ya pigo hilo, maana ndilo linaloamua kama utafika kwenye lile lingine.

Raba nyingi za leo zina tabaka mbili, raba yenyewe juu na sponji chini yake. Kipira kikigonga, sponji hubonyea, kisha hujirudi na kukirusha. Sponji laini hubonyea hata kwa mguso mdogo, kwa hiyo hukusaidia kuinua kipira bila kutumia nguvu nyingi. Lakini haichagui wakati wa kusaidia. Unapotaka kukiweka kipira kifupi, karibu na wavu, yenyewe hukirusha juu na mpinzani anakimaliza. Sponji ngumu haikupi cha bure: mkono ukilegea, kipira kinaishia wavuni, mkono ukija kwa kasi, kipira kinaondoka na mzunguko mkali na mwelekeo unaoutaka. Ndiyo maana kumwona bingwa akitumia sponji ngumu hakukuambii lolote kuhusu mkono wako.

Ugumu huandikwa kwa digrii, na hapa watu wengi hupotea. Vipimo vya China na vya Ujerumani havilingani. Hurricane 3 ya China iliyoandikwa digrii 39 ni ngumu kuliko raba nyingi za Ulaya zilizoandikwa 45. Usilinganishe namba za viwanda viwili tofauti.

Kisha kuna unene. Sponji nyingi ziko kati ya milimita 1.5 na 2.2, sheria ya shirikisho la kimataifa, ITTF, inataka raba, sponji na gundi kwa pamoja visizidi milimita 4.0. Sponji nyembamba hukifikisha kipira kwenye mbao mapema, nawe unasikia mkononi kilivyogonga. Anayejifunza humpa 1.8, na simpandishi mpaka aweze kupiga mzunguko wa juu, yaani kipira kinachozunguka kuelekea mbele, mfululizo bila kipira kupaa nje ya meza. Wazazi wengi hudhani nene ndiyo bora kwa kuwa wachezaji wakubwa wanaitumia. Inamchelewesha mtoto, na inaniuma kuona hivyo, kwa sababu anaanza kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Pande mbili za raketi si lazima zifanane. Fohendi, pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, ina nafasi ya kuzungusha mkono wote, kwa hiyo inaweza kubeba raba ngumu, hata ile ya kunata ya Kichina. Bekihendi, pigo la upande wa pili, hupigwa mbele ya tumbo kwa kiwiko na kifundo cha mkono. Wengi huko wanahitaji raba laini kidogo, inayorusha yenyewe.

Raba za vipele, zile zenye vinundu vilivyotokeza nje, zina mantiki yake. Vipele vifupi havishiki mzunguko wa mpinzani sana, vinamfaa anayesimama karibu na meza na kupiga bapa, kwa haraka. Mattias Falck wa Sweden alifika fainali ya dunia Budapest mwaka 2019 akiwa navyo kwenye fohendi. Vipele virefu ni jambo jingine kabisa: vyenyewe hupinda pale kipira kinapovigonga, wala havibadilishi sana jinsi kinavyozunguka, hivyo mzunguko wa juu aliokutumia mpinzani unamrudia kama mzunguko wa chini, yaani wa kuelekea nyuma. Joo Se-hyuk wa Korea Kusini aliwachosha wengi kwa vipele hivyo, akikata mipira akiwa mbali na meza, hadi akapata medali ya fedha ya ubingwa wa dunia Paris mwaka 2003. Ila mpinzani akikuletea kipira kisicho na mzunguko, huna cha kumrudishia. Mchezaji ambaye bado hajui kusukuma na kupiga mzunguko wa juu kwa raba ya kawaida, simpi vipele virefu hata akiniomba.

Kama unacheza mashindano, hakikisha raba imo kwenye orodha ya ITTF na upande mmoja ni mweusi. Tangu Oktoba 2021 upande wa pili si lazima uwe mwekundu. Buluu, kijani, waridi na zambarau zinaruhusiwa.

Ukishabandika raba mpya, usianze kuijaribu kwa mapigo makali, kwani hapo kila raba hupendeza. Mwombe mwenzako akupigie sevu fupi zenye mzunguko wa chini, uzirudishe fupi. Kipira kikidunda mara mbili upande wake, endelea nayo. Kikiwa bado kinatoka nje ya meza baada ya wiki mbili za mazoezi, rudi kwenye sponji nyembamba zaidi kabla hujafikiria jina jingine.