Mume na Mke Wanapojiandaa Kuomba Kutangazwa Muflisi: Kwanza Tenganisheni Madeni

Wanandoa wengi wanaotufikia hapa Kisumu, Kenya, kutafuta ushauri wa madeni huja na karatasi moja yenye jumla moja. Wameketi mezani watoto wakiwa wamelala, wakajumlisha mkopo wa SACCO, mkopo wa benki, deni la muuzaji wa jumla, karo ya shule na mikopo ya simu, kisha wakapigia mstari tarakimu ya mwisho inayowanyima usingizi wote wawili. Huuliza kama wanaweza kwenda Mahakama Kuu pamoja na kutangazwa muflisi, yaani watu wasioweza kulipa madeni yao, kama familia. Ninawaheshimu sana kwa kuketi pamoja, kwa sababu wengine hufika baada ya kufichana kwa miaka. Hata hivyo, karatasi ile ndiyo kitu cha kwanza tunacholazimika kuiandika upya.

Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Kufilisika ya zamani, humtazama mdaiwa kama mtu mmoja. Amri ya kutangazwa muflisi humhusu mtu mwenye jina lake, mali yake na madeni yake, na cheti cha ndoa hakiyafanyi madeni ya mmoja kuwa ya mwenzake. Kwa hiyo inawezekana mume aombe na mke asiombe, au mke aombe na mume asiombe, au kila mmoja awasilishe ombi lake na hati zake, au asiombe yeyote kwa sababu ipo njia nyepesi zaidi. Njia inayofaa hujulikana tu baada ya kubainika ni deni lipi lililo la nani, na jumla moja iliyopigiwa mstari haiwezi kuonyesha hilo.

Kanuni ya kuanzia ni kwamba mkopeshaji humdai aliyeweka saini. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, katika kifungu cha 10, inasema kuwa mume na mke hugawana sawasawa madeni yaliyochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hiyo, lakini ugawaji huo ni hesabu kati yao wawili. Benki iliyomkopesha mume peke yake haina mkataba na mke. Kwa upande mwingine, watu wengi hushtuka kugundua kuwa wanadaiwa kwa mambo waliyodhani si yao: mke aliyempa mumewe laini yake ya simu ili achukue M-Shwari au Fuliza ndiye mdaiwa wa mkopo huo, hata kama hakuiona hata shilingi moja yake.

Ili msitegemee kumbukumbu, kila mmoja aombe ripoti yake ya mikopo kutoka kwa mashirika ya marejeleo ya mikopo yaliyopo nchini, yaani Metropol, TransUnion na Creditinfo. Mteja ana haki ya kupata nakala moja bila malipo kila mwaka. Chukueni pia taarifa za M-Pesa za miezi 12, taarifa za akaunti za benki na taarifa ya SACCO inayoonyesha akiba, salio la mkopo na majina ya wadhamini. Ripoti hizo hazitaonyesha deni la duka la mtaani, fedha za chama cha kuchangiana, wala zile laki moja mlizokopa kwa shemeji bila maandishi. Nayo ni madeni, na lazima yaandikwe, kwa sababu taarifa ya hali ya kifedha inayowasilishwa mahakamani hutakiwa kutaja wadai wote, na kumwacha nje mdai kwa makusudi ni kosa hata kama mdai huyo ni ndugu.

Nitoe mfano niliouunda kwa ajili ya maelezo haya, ingawa sura yake inafanana na mambo tunayoyaona. Mume ni mwalimu karibu na Ahero na mke anauza nguo katika soko la Kibuye. Mume anadaiwa shilingi 1,100,000 na SACCO, 650,000 na benki na 60,000 za mikopo ya simu, jumla 1,810,000. Mke anadaiwa 380,000 na taasisi ya mikopo midogo iliyowekewa rehani bidhaa zake za dukani, 210,000 na muuzaji wa jumla na 45,000 za mikopo ya simu, jumla 635,000. Karatasi yao ya mezani ilisema 2,445,000, na walikuwa wameshaamua kwamba wote wawili wataomba kufilisika.

Sasa tuangalie mkopo wa SACCO, kwa maana hapo ndipo wanandoa wengi wa eneo hili hukosea. Mume ana akiba ya 400,000, na kwa kawaida SACCO hukata kwanza akiba hiyo, hivyo linabaki deni la 700,000. Wadhamini ni watano: walimu wenzake wanne na mkewe. Kufilisika kwa mkopaji hakumwondolei mdhamini wajibu wake. Baada ya muda sheria humwachilia muflisi, yaani humwondolea madeni, na mdhamini hubaki palepale. Kama mzigo utagawanywa sawasawa, kila mdhamini atabeba 140,000, na deni la mke litapanda kutoka 635,000 hadi 775,000 bila yeye kukopa chochote. Mke naye akifilisika, walimu wanne ndio watakaosalia na zile 700,000, yaani 175,000 kila mmoja. Walimu hao wana watoto shuleni na wana mikopo yao wenyewe, na pengine mmoja wao ndiye aliyewasimamia harusi. Nimeona watu wakiwasilisha maombi kabla ya kuzungumza na wadhamini wao, wakidhani wanajiepusha na aibu, na kilichofuata ni uhasama uliodumu kuliko deni lenyewe.

Baada ya kutenganisha hesabu, mfano wetu unabadilika kabisa. Mume ana mshahara. Sheria ya Ajira inakataza makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara, na hati yake ya malipo ikisomwa vizuri inaweza kuonyesha kuwa kuna kiasi cha kuwapa wadai kila mwezi iwapo watakubali kusubiri. Huyu anafaa kufikiria kwanza mpango wa hiari na wadai, ambao huandaliwa kwa msaada wa mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda ya kumkinga dhidi ya wadai wakati pendekezo linajadiliwa. Kwa mwenye madeni madogo zaidi yasiyo na dhamana, ipo pia amri ya malipo ya awamu kupitia kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia masuala ya ufilisi.

Mke naye, kama taasisi imekwisha kuchukua bidhaa zilizowekwa rehani na hana mali nyingine ya kuuzwa, anabaki na deni la muuzaji wa jumla, mikopo ya simu na fungu la udhamini, jumla 395,000, pamoja na upungufu wowote ikiwa bidhaa zitauzwa chini ya deni. Sheria imeweka utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, ambao ombi lake hupelekwa kwa Mpokezi Rasmi badala ya mahakama, kwa mtu mwenye deni lisilopungua shilingi 100,000 na lisilozidi shilingi milioni 4, ambaye hajawahi kutangazwa muflisi wala kuutumia utaratibu huo, na ambaye hana uwezo wa kulipa sehemu yoyote. Akikubaliwa, na mambo yakienda bila dosari, huachiliwa baada ya miezi 12. Hivyo wanandoa waliokuja kuomba ufilisi mara mbili wanaweza kuondoka bila yeyote kati yao kuwa muflisi. Mlango huo hufungwa kwa aliyeficha mali, au aliyekopa akijua hana njia ya kulipa.

Nyumba inahitaji uangalifu wa pekee. Ikiwa imewekwa rehani benki, kufilisika hakumzuii mwenye rehani kuiuza, kwa sababu haki yake iko juu ya nyumba yenyewe. Kinachowalinda ninyi ni utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012: rehani ya nyumba ya ndoa si halali ikiwa mwenzi anayeishi humo hakusaini wala kuridhia, mkopaji hupewa notisi ya muda usiopungua miezi mitatu kurekebisha kasoro ya malipo, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza, na mwenzi naye hupaswa kupewa notisi hiyo ya mauzo. Tafuteni nakala ya hati ya rehani mwangalie saini. Ninalisisitiza hili kwa akina mama hasa, kwani nimekutana na waliosaini karatasi bila kuelezwa ni za nini, na ridhaa inayotakiwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ni ya maandishi na ya mtu anayeelewa anachokiridhia.

Kama nyumba haina rehani na imeandikwa jina la anayefilisika peke yake, msimamizi wa mali ya muflisi huchukua kile kilicho cha muflisi, na fungu la mwenzi si la muflisi. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa anaishikilia pia kwa niaba ya mwenzake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza wazi kuwa hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mmoja huthibitisha alichochangia. Mchango si fedha pekee: kulea watoto, kazi za nyumbani, kulima shamba na kusimamia biashara ya familia vyote vinahesabiwa kisheria. Kusanyeni risiti za mabati na saruji, jumbe za M-Pesa kwa fundi, daftari la chama lililoonyesha zamu ya fedha zilizomalizia ukuta. Katika ndoa ya wake wengi, mali iliyopatikana na mume na mke wa kwanza kabla ya kuoa mwingine ni ya hao wawili, na orodha lazima ionyeshe hivyo.

Kuna shamba la boma ambalo hatimiliki yake bado ina jina la babu aliyefariki, hali iliyo ya kawaida kuanzia Vihiga hadi Siaya. Hilo si lenu la kuuza, ila haki yenu ya kurithi lazima itajwe. Urithi ukifika mikononi mwa muflisi kabla hajaachiliwa, huingia katika mali inayosimamiwa kwa ajili ya wadai.

Jambo linaloniumiza zaidi ni familia kuharibu kesi yao wenyewe kwa hofu. Mtu akisikia neno kufilisika, siku ya pili anahamisha pikipiki kwa kaka yake, ploti kwa mkewe na ng'ombe wawili kwa mama mkwe. Msimamizi ana mamlaka ya kuomba zawadi na mauzo ya bei ya chini yaliyofanywa kabla ya amri yabatilishwe, na uhamisho kati ya mume na mke ndio wa kwanza kuchunguzwa. Vivyo hivyo, msimlipe ndugu deni lake lote huku mkiwaacha wadai wengine. Vyombo na samani za lazima za nyumbani, mavazi na zana za kazi mnazohitaji hamnyang'anywi, kwa viwango vinavyokubaliwa. Cherehani ya fundi haina haja ya kufichwa kwa jirani.

Yule atakayeomba apime pia atakachokosa. Hataweza kuendesha biashara au kuwa mkurugenzi wa kampuni bila kibali, na Katiba, katika vifungu vya 99 na 193, inamzuia muflisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge au uwakilishi wa wadi. Anaweza kutakiwa kuchangia sehemu ya mapato yake. Mwenzi ambaye hakuomba hawekewi vizuizi hivyo, na hii ni sababu moja kubwa ya kutowafilisi wote wawili pasipo haja: mmoja akibaki huru anaweza kuendelea na biashara yake halali, mradi isiwe biashara ya muflisi iliyobadilishwa jina.

Kuna madeni yasiyoondoka hata baada ya kuachiliwa, yakiwemo yaliyotokana na ulaghai na amri za kutunza watoto. Yaandikeni upande wake, ili mjue ni mzigo gani utaendelea kuwepo.

Ombi la mdaiwa mwenyewe hupelekwa Mahakama Kuu, na vituo vipo Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma miongoni mwa miji mingine. Tangu Machi 2024 hati huwasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Ambatanisheni taarifa ya hali ya kifedha iliyo kamili. Amri ikishatolewa, muflisi hutakiwa kumkabidhi msimamizi taarifa yake ya mali na madeni, na ni kuanzia siku anapoikabidhi ndipo miaka mitatu ya kuachiliwa huanza kuhesabiwa, isipokuwa msimamizi au mdai akiweka pingamizi. Anayekaa miezi minane akitafuta taarifa ya SACCO baada ya amri amejiongezea miezi minane ya kuwa muflisi, ilhali hati hiyohiyo angeweza kuipata kabla hajaenda kwa wakili.