Filta ya hewa ya gari: hesabu mikunjo, bonyeza mpira

Wenye Vitz, IST, Fielder na Probox huuliza sana kama waendelee na filta ya karatasi au wahamie ile ya pamba ya kuosha, "inayopitisha hewa zaidi". Kwa gari linalopita barabara ya vumbi hata mara chache kwa wiki, jibu langu ni karatasi.

Tuanze na hewa. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye mengi ya magari haya, ina ujazo wa lita 1.5, na kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika hiyo ni kama lita 4,500 za hewa kwa dakika, na hapo umekanyaga mpaka mwisho. Ukitembea kilomita 80 kwa saa kwenye lami, injini huvuta sehemu ndogo tu ya hiyo. Kinachoibana hewa wakati huo ni kile kisahani cha throto kinachofunguka unapokanyaga mafuta, kwa kuwa kimefunguka kidogo. Filta haina kesi.

Injini ikivuta kwa nguvu zote, filta safi ya karatasi hupunguza presha kwa kilopaskali 1 hadi 2 hivi. Presha ya hewa pwani ni kama kilopaskali 101. Kwa hiyo hata ukipata filta yenye ukinzani nusu ya huo, umeokota karibu asilimia 1 ya nguvu, tena pedeli ikiwa imegusa sakafu. Mkazi wa Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, anapungukiwa karibu asilimia 18 ya hewa kabla filta haijahusika kabisa.

Na mafuta? Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009. Kwenye magari ya petroli ya injeksheni, filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Gari lilichelewa kushika kasi tu. Kompyuta ya gari hupima hewa na kukata petroli kulingana nayo. Kabureta haina akili hiyo, na dizeli yenye turbo filta ikiziba utaijua kwa moshi mweusi.

Sasa vumbi. Lita moja ya petroli huungua na takribani lita 9,000 za hewa, hivyo tanki la lita 40 linapitisha lita 360,000. Vumbi letu lina silika nyingi (madini ya mchanga), ambayo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zenye madhara zaidi ni za maikroni 5 hadi 20 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndogo kuliko unavyoweza kuona, kwa sababu zinakaribia unene wa utando wa oili kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Zikiingia hapo zinasaga pande zote mbili. Matokeo yake ni gari kula oili, moshi wa bluu na kompresheni kushuka.

Ndiyo maana tofauti ya asilimia chache si ndogo. Filta inayokamata 99% inapitisha gramu 1 katika kila gramu 100 za vumbi; inayokamata 97% inapitisha gramu 3. Injini imekula vumbi mara tatu. Muuzaji akikutajia asilimia, muulize ilipimwaje. Kipimo cha ISO 5011, cha kimataifa cha filta za hewa, hutumia vumbi laini au la chenga, na filta ileile hupata alama nzuri zaidi kwa vumbi la chenga.

Hewa ya kutosha na uchujaji mzuri havigombani sana kama karatasi ni pana. Hapa ndipo filta za bei ya chini zinapoibia. Hesabu mikunjo. Tuseme filta ina mikunjo 50, kila mmoja una kina cha sentimita 3.5 na urefu wa sentimita 15. Zidisha kwa 2 kwa kuwa kila mkunjo una pande mbili: sentimita za mraba 5,250. Nyingine ya umbo lilelile yenye mikunjo 35 inabaki na 3,675. Hewa ileile inalazimika kupita kwa kasi zaidi, ukinzani unapanda na filta inaziba mapema. Mtengenezaji akitaka kuficha hilo, anatumia karatasi yenye matundu makubwa. Weka taa nyuma yake: mwanga uwe hafifu na sawa kote. Ukiona nukta zinazong'aa, rudisha.

Kisha mpira wa pembeni, ambao kwangu ni muhimu kuliko karatasi yenyewe. Ubonyeze kwa kidole gumba: uingie na urudi. Mpira mkavu kama plastiki haufungi, na vumbi linalopita pembeni halichujwi hata kidogo. Linganisha pia urefu na unene na ile ya zamani. Kwa Toyota namba ya filta ya hewa huanza na 17801. Fielder na Axio NZE141 hutumia 17801-21050. Kwa gari lingine itafute namba kwa kutumia chesisi, maana jina la gari peke yake linadanganya.

Kosa linalofanyika sana gereji ni kupuliza filta kila sevisi kwa presha yote ya kompresa. Vumbi lililotanda juu ya karatasi huwa sehemu ya chujio: filta iliyotumika kiasi huchuja vizuri kuliko mpya. Ukilazimika kupuliza, usizidi psi 30, toka upande safi (wa injini) kwenda upande mchafu, pua ya hewa ikiwa mbali kidogo. Kuosha karatasi kwa sabuni au petroli ni kuiua. Na Nissan nyingi zinakuja na karatasi iliyolowekwa oili kiwandani. Hiyo haipulizwi wala kuoshwa, inabadilishwa.

Kama tayari una ya pamba, tatizo kubwa ni oili. Ikizidi, inarukia waya wa sensa ya MAF, inayopima hewa inayoingia kwenye injini, kipimo kinapotoka, taa ya injini inawaka, mara nyingi kwa msimbo wa hitilafu P0171 au P0101. Ikipungua, vumbi linapita. Ioshe, ikauke yenyewe, paka oili kidogo kwenye mikunjo, subiri isambae, kisha ongeza palipobaki peupe. Zile za koni zinazokaa wazi ndani ya boneti sizipendekezi: zinavuta hewa ya moto, na kila nyuzi 10 za joto zinaondoa karibu asilimia 3 ya hewa.

Wakati wa kufunga, futa boksi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na usiache takataka idondokee upande wa injini. Hakikisha klipu zote zipo. Klipu moja iliyovunjika inaacha mwanya. Kagua bomba la mpira kati ya MAF na throto kwa kulikunja, kwa sababu nyufa hujificha kwenye mabonde yake.

Kwa lami tupu badilisha kila kilomita 20,000. Kwa vumbi, kagua kila 5,000 na ubadilishe kufikia 10,000. Kipimo cha mwisho ni kitambaa cheupe: baada ya wiki moja ya matumizi fungua boksi, futa ndani upande wa injini. Kikitoka na rangi ya udongo, fuata mstari wa vumbi kwenye mpira, utakuonyesha panapovuja.