Video peke yake haimfundishi mkulima

Wengi huamini kwamba kwa mtu asiyejua kusoma dawa ni video: irekodi vizuri, iweke mtandaoni, atajifunza. Sivyo.

Tazama Digital Green, mradi ulioanza mwaka 2006 katika maabara ya utafiti ya Microsoft huko Bangalore, India. Ulishirikiana na GREEN Foundation, shirika lililokuwa tayari likifanya kazi na wakulima wa Karnataka, jimbo lenye mji huo. Wakulima wenyewe walirekodiwa mashambani mwao, kwa lugha yao. Kisha majirani wachache hukusanyika, na mtu wa hapo hapo kijijini huonyesha video, huisimamisha, huuliza, hujibu, na siku zinazofuata huangalia nani amejaribu.

Watazamaji hutaka kwanza kujua: yule mkulima kwenye video ni nani, wa kijiji gani? Wana haki kabisa. Anayeweka rehani mbegu na msimu mzima humwamini mwenye shamba kama lake kuliko mtaalamu wa mjini, hata picha iwe safi namna gani. Televisheni na DVD za mwanzo zilikuja kupisha projekta ndogo za betri, zinazofika kusiko na umeme. Yule mwonyeshaji wa kijijini hakuondolewa.